Rukia, Uliniambia Nifungue

Rukia,

Assalamu aleikum, wewe na wale umelala nao huko.

Ni mimi, Abdi. Naandika kwa daftari ya mtoto wetu Zeinabu, kurasa za nyuma. Ameenda shule. Kuandika si kazi yangu, unajua. Nilifika darasa la tatu nikarudishwa kwa ngamia. Kwa hivyo naandika vile tulikuwa tunaongea mimi na wewe. Kisomali hukukiweza, na mimi Kipokomo changu kilikuwa kinakuchekesha mpaka unakaa chini. Tulibaki na Kiswahili, hiki hiki chetu cha kubomoka.

Kila Ijumaa nakuja makaburini. Nasoma Fatiha, natoa miiba, narudi. Kuna neno nataka kukuambia, kila mara narudi nalo nyumbani. Pale watu ni wengi, kila mtu na marehemu wake. Labda kwa karatasi litatoka.

Zeinabu anakohoa.

Si mafua. Ni kile kikohozi chako. Kinaanza chini, kikavu, kama mtu anakwaruza sufuria, halafu anashika ukuta. Mara ya kwanza nilikuwa nje natawadha. Nikasema kwa sauti, "Rukia, kunywa maji." Nilisahau kabisa. Halafu nikakumbuka wewe uko wapi, nikabaki na birika mkononi.

Wacha nikuambie kwanza vile tuko.

Bado tuko mtaa wa Waberi, chumba kile kile cha mabati. Mlango bado unakwama. Mbuzi wako mwekundu tulimchinja kwa khitma yako. Kaka yako alikuja kutoka Masalani na mchele na samaki wa kukauka, lakini alifika tukiwa tumeshakuzika. Alisimama pale kwa kaburi na mfuko wa samaki, hakujua auweke wapi. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumzika kidogo.

Zile chapati zako za anjera za kuuza sasa anakaanga Zeinabu, asubuhi kabla ya shule. Nilimwambia aache. Akasema, "Aabo, watu wa mama watapotea." Wateja wako anawaita watu wa mama. Anakaanga nyembamba kuliko wewe. Wanalalamika, wanakula.

Na mimi bado nachoma makaa.

Nilijaribu kuacha, wallahi. Baada yako nilienda kupakia mchanga mtoni. Mto ukajaa, kazi ikaisha. Nikaenda kwa fundi mmoja kuchanganya simiti, akanitazama ndevu, akasema, "Mzee, hapa nataka vijana." Nikarudi kwa mathenge. Ule mti wa miiba umemeza kingo yote ya mto, ukikata mmoja inaota mitatu. Kazi yake haiishi. Kwa hivyo nakata, napanga magogo, nafunika na nyasi na udongo, nawasha, nakaa naangalia moshi. Ukiwa mweupe, mti bado una maji. Ukigeuka buluu, makaa yanaiva, unaziba matundu haraka. Hiyo ndiyo elimu yangu. Moshi wa tanuru nausoma kutoka mbali. Wa nyumbani kwangu sikuusoma.

Unakumbuka yale makaa nilikuwa nakuletea? Yaliyoiva yote ni ya mwenye tanuru. Sisi vibarua tunaachiwa yale hayakuiva, nusu makaa nusu kuni. Nilikuwa naingia na gunia begani kama nimebeba mahari. "Rukia, makaa ya bure!" Na wewe unatoka mlangoni unaongea kwa nguvu ili Mama Fardosa wa chumba cha pili asikie. "Wenzangu wananunua. Mimi naletewa."

Yale makaa yalikuwa yanafuka moshi saa nzima kabla ya kushika. Yakikataa, unakata kipande cha ndara kuukuu, unakiwasha, unakitia chini. Moshi mweusi unapanda, unapiga mabati, unarudi chini kwako. Siku moja nilikukuta macho mekundu, machozi mpaka kidevuni. Nikasema, "Unalia nini, nimekufa?" Ukasema, "Ukifa sitalia hivi. Machozi itakuwa imeisha."

Nilicheka. Nilikunywa chai pale pale ndani ya huo moshi, nikatoka kwenda kazini. Wewe ukabaki nao. Mimi wangu uko nje, upepo unaupeleka. Wako ulikuwa na kuta nne na mlango unakwama.

Miaka ikaenda hivyo. Kikohozi chako kilianza lini, sijui. Nakumbuka tu kwamba mwanzo ulikuwa unakohoa asubuhi, baadaye na mchana, baadaye ukiwa unatoka bombani na mtungi unapumzika mara moja njiani, halafu mara mbili, halafu Zeinabu akaanza kuleta maji yeye. Watu wakasema ni TB. Nikakupeleka hospitali. Wakachukua makohozi mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Nilishukuru Mungu. Nilidhani kama si TB basi si kitu.

Halafu yule daktari msichana akakuuliza, "Mama, unavuta sigara?"

Tulimcheka mbele ya uso wake. Wewe? Wewe hata miraa ulikuwa unasema ni majani ya mbuzi. Ukamwambia, "Daktari, mimi navuta anjera." Yeye hakucheka. Aliandika. Akasema mapafu yako ni kama ya mtu amevuta sigara tangu ujana wake, na kwamba wanawake wengi wanakuja kwake hivyo hivyo, hawajagusa sigara hata moja. Ni moto wa ndani ya nyumba. Akaniangalia mimi. "Baba, huyu asipike ndani tena. Moshi wowote ni adui yake."

Moshi wowote. Alisema hivyo. Nilisikia na masikio yangu mawili.

Tulijaribu. Hilo Mungu anajua. Tulitoa jiko nje siku hiyo hiyo. Ilikuwa kiangazi, ule upepo wa mchanga. Unga wa anjera ukijaa mchanga huwezi kuuchuja. Yule dereva wa lori wa njia ya Modogashe, mnene, akauma moja akatema. "Rukia, leo umetukaangia lagga nzima?" Watu wakacheka. Mto mkavu kwa sahani, ni maneno ya kuchekesha. Kesho yake walikuja nusu. Wiki iliyofuata ukabaki na beseni limejaa. Nilirudi kutoka kazini nikakuta jiko liko ndani.

Gesi pia tulijaribu, ule mtungi mdogo. Uliupenda. Ulikuwa unaupangusa kama mtoto. Anjera zilitoka safi, na wewe wiki ile ulilala umenyooka badala ya kukaa umeegemea ukuta. Halafu ikaisha. Sikuujaza. Nilisema nitaujaza, nikasema tena, na wewe ukaacha kuniuliza. Uko pale kwa pembe. Zeinabu anaukalia akisoma.

Na ukumbuke si moto wetu peke yake. Yule mfanyabiashara wa nyuma, stima ikipotea anawasha jenereta yake, na bomba la moshi linaelekea ukuta wetu. Nilienda kwake. Niliongea vizuri, na heshima. Nikamwambia, "Walaal, mke wangu ni mgonjwa wa kifua, geuza tu lile bomba." Akanijibu mbele ya wateja, "Abdi, ukitaka hewa safi rudi Modogashe uchunge ngamia." Wakacheka. Sikumwambia ngamia walikufa wote kwa ukame. Nilirudi nyumbani nikaziba matundu ya ukuta na matambara. Sasa moshi wake hauingii sana na wetu hautoki. Hiyo ndiyo akili yangu.

Sasa nafika kwa ile siku.

Nimeacha kalamu nimetoka nje nimerudi.

Ulikuwa umeshindwa kulala chini. Ulikaa kwa kitanda, mikono kwa magoti, mabega yanapanda na kushuka. Dawa ya kuvuta mdomoni ilikuwa imeisha, nilikuwa nimeambiwa nirudi Jumatatu. Dada yangu Habiba akasikia, akapanda gari kutoka Modogashe, akaja.

Wewe unajua Habiba alikuwaje kwako. Miaka yote ile hakukuita wifi. Alikuwa anasema "yule mwanamke wa mtoni." Akija anakunywa maji tu, chakula chako hagusi. Na wewe ulikuwa unampikia kila mara, unamwekea mbele, unamwita shangazi kwa Kisomali chetu, "Edo wa Zeinabu, karibu," anasema ameshiba. Miaka mingapi hiyo?

Siku ile aliingia, akakuona vile umekaa, akavua viatu akakushika kichwa. Akasema, "Walaal, umepungua." Alikuita ndugu. Nilimsikia. Nilimwona anakufuta jasho na shela yake mwenyewe. Rukia, nilifurahi. Wewe ulikuwa unakufa na mimi nilikuwa nimesimama pale nafurahi kwa sababu dada yangu amekugusa.

Alikuwa ameleta malmal, ule utomvu wa kutoka kwetu porini, na ubani. Akasema kifua kimeshikwa na baridi na jicho la watu. Mama yetu alitibiwa hivyo, na yeye mwenyewe kwa uzazi alitibiwa hivyo. Unakaa, chombo cha makaa mbele yako, unatia malmal, unafunikwa shuka mpaka jasho litoke. Mlango unafungwa ili dawa isipotee.

Na mimi sikuona moshi. Hiki ndicho nataka uelewe, kama huko mtu anaelewa. Kwetu moshi ni wa kuni, wa makaa, wa lori. Uunsi, ule udi na ubani wa kufukiza, si moshi. Uunsi ni harufu nzuri. Tunafukizia nguo za Ijumaa, tunafukizia bibi arusi, mtoto mchanga, mtungi wa maziwa. Wewe mwenyewe uliujua kwangu na ukaupenda. Ile dabqaad yako ya udongo, ya kufukizia, uliichagua sokoni siku nzima kama mtu anachagua ng'ombe. Alhamisi jioni kabla ya magharibi unafukiza nyumba yote na unaniambia, "Inua mikono, Abdi, unanuka tanuru." Daktari aliposema moshi wowote, kichwani mwangu nilitoa jiko nje. Dabqaad niliiacha kwa rafu.

Habiba akampa Zeinabu koleo. "Puliza makaa vizuri, mama yako anaponywa." Mtoto akakaa nje ya mlango akapuliza. Alipuliza mpaka mashavu yalikuwa mekundu. Akayaleta ndani yakiwa yanawaka kama macho, akayatia kwa dabqaad mwenyewe, akaibeba na mikono miwili akaiweka mbele ya miguu yako. Ulimtabasamia. Nakumbuka hilo.

Halafu mlango ukafungwa. Shuka, lile zito la kijani, nililishika mimi. Habiba upande ule, mimi upande huu.

Ulisema, "Baba Zeinabu, fungua."

Habiba akasema, "Kidogo tu, walaal, dawa inaingia."

Ulisema tena, fungua. Ulinishika mkono kupitia kwa shuka. Nilidhani unashika kwa maumivu tu. Nikasema, "Vumilia." Rukia, nilikuambia vumilia.

Mara ya tatu hukumaliza neno.

Tulipofungua ulikuwa umelowa jasho, na Habiba akasema, "Umeona? Baridi imetoka." Midomo yako ilikuwa ya rangi ya wino. Hukuongea tena na mimi. Ulipumua usiku wote ule kama mtu anapanda mlima, na kesho yake kabla ya adhuhuri ukaacha.

Watu wakasema, ajali aliyoandikiwa ilifika. Alhamdulillah kwa kila hali. Na mimi nilisema hivyo, nilikuwa naamini. Habiba alikuosha yeye. Alilia juu yako kuliko dada zako wa tumbo moja. Mpaka leo hajui, na mimi sitamwambia. Ni mzee sasa, anakuombea dua kila swala. Amwombee wifi yake. Ameanza kukuita hivyo.

Mwezi uliopita nikampeleka Zeinabu kwa yule daktari msichana. Daktari amenenepa kidogo, ameolewa nafikiri. Alikukumbuka. "Yule mama wa kuvuta anjera." Akamsikiliza mtoto mgongo, akauliza nyumbani mnachoma nini. Nikasema jiko tumetoa nje, siku za upepo tu ndiyo linaingia. Zeinabu akasema, "Na uunsi tu, Alhamisi." Daktari akamtuma apimwe uzito chumba cha pili. Alipotoka, akaniambia na sauti ya chini.

"Mzee, uunsi ni moshi. Ni moshi kama mwingine, ni vile unanukia. Huyu mtoto kifua chake kimeanza. Asiukaribie. Kama ungemfunga yule mama yake kwa chumba na ile kitu, ungemmaliza."

Alisema kama mfano. Hakuwa anajua. Nilisema, "Sawa, daktari." Nilichukua karatasi ya dawa. Mtoto akarudi, tukatoka, akaniuliza kama nimeumwa, nikasema jua.

Nimebeba hiyo mpaka leo.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Tangu ufe, mpaka juzi, Zeinabu Alhamisi alikuwa haikosi. Alikuwa anawasha dabqaad yako, anakaa mbele yake, anavuta ile harufu na macho amefunga. Anasema chumba kinakuwa na wewe. Na kuna neno anasema, amewaambia mpaka wasichana wenzake shuleni. "Mimi ndiye nilimwashia mama dawa yake ya mwisho." Anasema na kichwa juu. Wenzake wengine mama zao walikufa wakiwa mbali. Yeye alikuwa pale, alipuliza makaa, mama akamtabasamia. Hiyo ndiyo amebaki nayo. Hana ingine.

Nikawaza, nikimwambia uunsi ni sumu ya kifua, siku hiyo hiyo atajua alipuliza nini. Ana akili yako, haraka. Nisipomwambia, ataendelea kuvuta mpaka akufuate.

Nilifanya ujinga kwanza. Nilingoja aende shule, nikaitoa dabqaad nje nikaivunja na jiwe. Akarudi. "Aabo, nani amevunja?" Nikasema mimi. "Kwa nini?" Nikasema imekuwa chafu. Rukia, vile aliniangalia. Alipiga magoti akaokota vipande vyote, hata vile vidogo, akavitia kwa kopo la maziwa ya unga. Hakuongea na mimi siku tano. Chakula ananiwekea, anasema "Kula," basi. Na Alhamisi ikafika akaenda chumba cha Mama Fardosa, akafukiza kule. Alirudi kitambaa kinanuka, akakohoa mpaka akatapika.

Kwa hivyo kuvunja hakukusaidia kitu. Nikajua lazima nimwambie, na lazima niseme maneno ambayo yatamtoa kwa uunsi bila kumweka yeye ndani ya shuka.

Nilifikiria siku nyingi nikikaa kwa tanuru. Tanuru moja liliungua lote likawa jivu, mwenyewe akanitukana, sikumsikia.

Jumapili baada ya asri nilimwita nje, pale kwa jiwe ulikuwa unapenda kukaa. Nikamwambia daktari amemkataza uunsi, hata wa jirani, hata wa arusi. Akauliza vile nilijua atauliza. "Kwa hivyo uunsi ulimdhuru mama pia?"

Nikasema, "Hapana. Dawa yako ilikuwa nzuri. Mama alikufa kwa sababu yangu."



Nikamwambia nililishika shuka. Nikamwambia ulisema nifungue na sikufungua. Kwamba mgonjwa wa kifua akifunikwa bila hewa anakufa hata kama mbele yake ni maji ya Zamzam. Nilisema, ni mkono wangu. Makaa yalikuwa mazuri, yalipulizwa vizuri.

Akauliza, "Alisema fungua?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alisimama akatikisa nguo yake mchanga. Akauliza kitu kimoja tu, mgongo umenigeukia. "Lakini dawa yangu haikuwa mbaya?"

Nikasema, "Haikuwa mbaya. Wallahi."

Niliapa, Rukia. Niliapa kwa Mungu juu ya uongo. Hiyo nitaulizwa siku yangu, na nitajibu.

Tangu hapo kwa Mama Fardosa haendi. Uunsi ukipita kwa nyumba ya mtu anafunika pua, anazunguka mbali. Hilo nimelipata. Na yeye nimempoteza. Aabo haniiti tena, wala baba. Akitaka kitu anaongea na ukuta. "Unga umeisha." "Maji hayapo." Jana Mama Fardosa alimwambia, "Wewe msichana, baba ni mmoja," akajibu, "Na mama alikuwa wangapi?"

Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Jibu zuri. Ni wewe kabisa.

Nilidhani nikilipa hivyo angalau kifua kitapona. Hakijapona. Jiko bado linaingia ndani siku za upepo, na siku za upepo ni nyingi. Jenereta bado inanguruma. Jalala la kule nyuma linawaka wiki nzima, matairi na mifuko, moshi wake unakuja chini chini mpaka kwa mikeka. Na mimi narudi jioni na nguo zimejaa tanuru, nazivua nje, nazitundika kwa mti, lakini ngozi naitundika wapi? Nachoma mathenge ili nimnunulie dawa ya kifua. Unaelewa? Nimefikiria hiyo mpaka kichwa kimeuma. Haina mlango.

Nilimwambia twende Masalani kwa kaka yako, kule kuna hewa ya mto, kuna miti. Akaongea na ukuta. "Siendi popote na yeye." Nikamwambia basi nenda peke yako, mimi nitabaki. Hajajibu. Nimempigia kaka yako simu. Anasema aje tu, lakini wao pia wanapikia kuni, jikoni ndani, kama watu wote. Alisema hivyo akacheka. "Abdi, wewe unatafuta nyumba haina moto? Iko wapi hiyo?"



Karatasi inaisha, na shule inakaribia kutoka. Hizi kurasa nitazichana, nizilete Ijumaa, nizizike kichwani kwa kaburi lako. Asizione.

Nakuomba msamaha. Siulizi kama umenisamehe, mtu aliyekufa hana mdomo, na uliokuwa nao niliufunika mimi.

Nakuahidi moja. Lile shuka litabaki la kwangu. Anichukie, aolewe bila kunialika, anizike bila chozi, sawa. Kwangu hatajua alipuliza nini. Habiba sitamtaja, daktari sitamwacha aongee naye peke yake. Nitaapa tena nikiulizwa.

Lala, Rukia. Lala umenyooka.

Na kama mtoto atafika huko kabla yangu, vile naona kifua chake kinaenda, mpokee, mpe nafasi kando yako. Akikuuliza ile siku ilikuwaje, mwambie ni baba. Usimwambie ingine.

Abdi